Uliwahi kuingia pangoni na kiongozi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Maskati:
Wanajamvi, salaam. Wiki iliyopita nilimpeleka mama yangu pango la Al Hoota, na tangu turudi hana habari nyingine ila hiyo. Naanza mimi, nanyi mlete zenu.

Pango liko karibu na Al Hamra, Oman, chini ya milima ya Hajar, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Maskati. Urefu wake ni takriban kilomita 4 na nusu, lakini wageni hupitishwa kama mita 500 tu, wakiwa na kiongozi. Mama ni mzaliwa wa Unguja, ana miaka 66 na goti moja linamsumbua. Nilidhani atataka kunisubiri mgahawani. Akaniambia, "Sikuja huku kunywa chai."

Ndani kuna joto la unyevu, kama jikoni siku ya shughuli. Kiongozi wetu, kijana wa Kiomani, alikuwa akieleza kwa Kiarabu na Kiingereza. Mama akaninong'oneza, "Hebu muulize, mawe haya yanayoning'inia hayatatuangukia?" Kijana akageuka. "Shikamoo, bibi. Usiogope, hayaanguki." Kiswahili safi cha Unguja! Kumbe bibi yake mzaa mama alitokea huko, na nyumbani kwao ndiyo lugha ya barazani. Kuanzia hapo hakuuachia mkono wa mama kwenye ngazi hata moja.

Alimweleza kwamba mvua ikipenya udongoni hubeba hewa ya ukaa, ikapata ukali kidogo, mfano wa maji yaliyodondoshewa ndimu. Maji hayo ndiyo yanayolila jiwe la chokaa hadi pango likatoboka. Tone likifika darini huacha chembe ya chokaa kabla ya kudondoka, chembe juu ya chembe, maelfu ya miaka. Halafu samaki wa humo: wadogo, rangi ya waridi iliyofifia, hawana macho. Mama akauliza wanapitaje bila kugongana. Akajibiwa kuwa wanahisi maji yanavyotikisika. Mama alisimama pale hadi wenzetu wakatangulia.

Mwana Tanga:
Umenigusa, mkuu. Sisi tunayo Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, barabara ya Mombasa. Mapango ni 10, wageni huingizwa moja. Niliingia mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, na mwaka jana nikarudi na wanangu wawili.

Tulimpata mzee mmoja ambaye ukimsikiliza unaona ameishi na lile jiwe. Jiwe lenyewe, alisema, lina umri wa miaka kama milioni 150, lilitokana na matope ya bahari. Alituonyesha mahali watu wanapoweka chupa za marashi na vitambaa kwa ajili ya mzimu, akatuomba tupite kwa adabu, tusishike kitu. Akasimulia habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, na jinsi mapango yalivyomficha. Ile hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea Kilimanjaro aliisimulia pia, ila akasema wazi kuwa ni hadithi.

Tulipofika kati akatuambia tuzime tochi. Wakuu, lile si giza la usiku. Unapeleka kiganja mbele ya pua na hakipo. Binti yangu alinishika shati, hakuna aliyesema neno, tukawa tunasikia popo tu. Tochi zilipowaka mwanangu wa kiume aliomba tuzime tena.

Ombi langu moja: msiguse mawe. Mafuta ya mkono yakibaki juu yake, chokaa haishiki tena vizuri pale. Na wanaochonga majina yao ukutani wananiuma sana.

Nesi wa Kampala:
Naongezea la afya. Popo wa matunda wanaoitwa wa Misri wanabeba kirusi cha Marburg, kinacholeta homa kali inayoweza kuua. Pango la Kitum, Mlima Elgon, lilihusishwa na wagonjwa wa mwaka 1980 na 1987 (lile ni la miamba ya volkano, si chokaa), na mwaka 2008 mtalii aliyeingia pango la popo kule Maramagambo, Uganda, alifariki. Sisemi msiende. Muulizeni kiongozi kuhusu popo waliomo, msishike kinyesi chao, msile chochote ndani, na mkitoka nawieni kwa sabuni.

Mnyakyusa:
Mapango ya Popo kule Songwe niliishia mlangoni. Harufu ilinishinda. Nilijilaumu njia nzima ya kurudi Mbeya, nitarudi na barakoa.

Dada wa Korogwe:
Mwana Tanga, mama yangu ana miaka 70. Amboni ataiweza?

Mwana Tanga:
Ataiweza, dada, kwa sehemu yenye nafasi. Mvalishe raba zenye meno, kila mtu awe na tochi yake, na msije baada ya mvua kubwa kwa sababu chini panateleza. Kuna mahali pa kuinama karibu kutambaa. Hapo mwambieni kiongozi mapema, mmoja wenu abaki naye kwenye ukumbi mkubwa. Mkipata yule mzee, mama hatachoka kusubiri, sauti yake inafika hadi huko.