Simbilisi ana mabaka usoni: krimu ya fangasi au sindano ya ivermektini?

Mfugaji_Makorora
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Simbilisi mmoja wa wanangu amenyonyoka manyoya puani na kuzunguka jicho, ngozi ina magamba meupe. Duka la dawa za mifugo wanasema achomwe ivermektini, jirani anasema nipake klotrimazoli, krimu ya fangasi ya binadamu. Ipi inafaa?

Binti_Pangani
Pole ndugu yangu. Anajikuna sana? Ukurutu wa utitiri, vidudu vya ngozini, hushika zaidi mabegani na mgongoni, mnyama hujikuna mpaka damu, akizidiwa hata degedege humpata. Choa, yaani fangasi wa ngozi, huanzia usoni na masikioni, muwasho huwa mdogo. Ivermektini ni ya utitiri, haiui fangasi.

Mfugaji_Makorora
Hajikuni kihivyo. Unywele ukiuvuta kidogo unatoka na gamba lake. Na mwanangu mdogo ana kiduara chekundu mkononi.

BwanaMifugo_Mstaafu
Mtoto apelekwe zahanati, fangasi huyu anaambukiza watu. Shikeni mnyama kwa glavu.

Baka likiwa moja au mawili, krimu yaweza kutosha. Paka nyembamba, asiilambe. Yakienea, kuna vidonge vya terbinafini au itrakonazoli, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Griseofulvini, dawa nyingine ya fangasi, asipewe jike mwenye mimba, inadhuru watoto tumboni.

Sindano ndiyo inanitia hofu. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kila mililita. Simbilisi wa kilo moja hahitaji hata sehemu ya kumi ya mililita, na ukikisia kwa macho utamuua. Kama ni utitiri kweli, apimwe uzito kwanza.

Mama_Chumbageni
Mimi mafuta ya nazi na mwarobaini sikushauri kama tiba. Nazi inalainisha magamba, fangasi anabaki palepale. Hangaika na banda, dada au kaka: maranda yote choma, osha kwa sabuni, kisha Jik sehemu moja kwa maji kumi, anika juani. Masika hii unyevu wa Tanga unawapa fangasi raha. Na umpe hoho mbichi, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C.

BwanaMifugo_Mstaafu
Naongezea: mtu asikupe amoksilini "ya kukausha vidonda". Inaua bakteria wema wa tumboni, simbilisi anaharisha na kufa.

Mfugaji_Makorora
Ahsanteni sana. Kuna jike ana mimba, bado hana baka. Nimtenge?

Binti_Pangani
Mtenge leo hii, na uanze kumhudumia yeye kabla ya mgonjwa.