Modemu ya raki: amri ya kuhifadhi AT&W inajibu OK, umeme ukikatika inasahau kila kitu

fundi_korona (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni fundi umeme kwenye shamba la mkonge. Korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, bila maji haifanyi kazi, jani linasagwa lakini singa (nyuzi) inatoka imegandana na makapi. Maji yetu yanavutwa Mto Zigi, kilomita 6 kutoka kiwandani. PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) ya kiwandani huiuliza ile ya mtoni kama pampu inazunguka na presha ni ngapi, kisha huiamuru iwake au izime. Mazungumzo hayo yanapita kwenye jozi moja ya waya wa shaba, mali yetu wenyewe, juu ya nguzo. Kila upande una modemu, ya kupitisha data kwenye waya huo. Ya mtoni ni kiboksi tu, ya kiwandani ni kadi ndani ya raki ambayo niliikuta nilipoajiriwa.

Wiki mbili zilizopita radi ilipiga na kadi ikaungua, harufu ilifika mpaka kwenye mizani. Stoo kulikuwa na kadi ya akiba, ya kampuni ileile ila toleo la baadaye. Mwongozo upo, lakini mchwa wameula kuanzia ukurasa wa 11. Basi nikaweka kadi mbili mezani, sambamba, nikanakili vijiswichi kimoja kimoja kwa ncha ya penseli. Ya zamani ina vijiswichi 8: juu, juu, chini, juu, chini, chini, juu, juu. Mpya ina 10. Nane nikavifananisha, viwili vya mwisho nikaviacha kama vilivyokuja.

Kuichomeka, taa ya umeme inawaka, ya CD, inayoonyesha kuwa modemu mbili zimeshikana, hamna kitu. Nikaunga laptopu, nikaandika AT, amri ya kuiita modemu, ikajibu OK. Nilifurahi, maana ile ya zamani haikuwahi kunijibu hata siku moja, nikawa naisingizia kebo yangu. Nikaiamuru: laini ya kudumu, yenyewe iwe mpigaji, kasi biti 9600 kwa sekunde, nikafunga na AT&W. CD ikawaka, pampu ikaonekana kwenye skrini, nikaenda zangu kunywa chai.

Saa 10 jioni umeme ukakatika. Jenereta inachukua, naangalia, CD imezima. Nikarudia amri zote, ikakubali. Usiku umeme tena, CD tena. Mpaka leo nimerudia mara 7. Kwa sasa tumemweka kijana mtoni na simu ya mkononi, anapigiwa "washa", "zima", na kule bondeni mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu. Msimamizi ameanza kuniita Fundi OK.

Je, kumbukumbu ya kadi imekufa?

wa_duga

Pole kaka. Anza na amri ya kurudisha mipangilio ya awali, AT&F, halafu panga upya, AT&W, kisha ATZ (iamke upya) uone. Ikigoma hiyo kadi ni ya kutupa. Na kwa nini msiweke redio? Nani bado anahangaika na waya?

fundi_korona

AT&F nilishafanya, na kwa ATZ inasahau vilevile kama umeme ulivyokatika. Redio naomba tangu mwaka juzi, jibu ni "bajeti". Tubaki kwenye waya.

babu_wa_jozi

Marahaba mwanangu. Usitupe kadi. Mimi nimeshika jozi za simu tangu enzi za Posta na Simu, kabla shirika halijagawanywa mwaka 1994, na modemu za raki nimezilisha na kuzizika.

Nijibu jambo moja kwanza. Pembeni ya vijiswichi pameandikwa nini, kwenye kadi ya zamani na kwenye hii mpya?

fundi_korona

Ya zamani kuna ON upande wa juu. Mpya kuna OPEN upande wa juu. Si kitu kilekile? Imefunguliwa, yaani imewashwa.

babu_wa_jozi

Hapo ndipo ulipopotea, na hukupotea peke yako. Bomba likifunguliwa maji yanapita. Waya ukifunguliwa umeme haupiti, maana umeachana. OPEN ni OFF. Umenakili vizuri sana, ila vyote vinane umevipindua.

Ushahidi umeutoa mwenyewe. Umesema ile ya zamani haikuwahi kukujibu AT. Haikuwa mbovu wala kebo yako haikuwa mbovu, ilikuwa imewekwa bubu kwa kijiswichi, makusudi. Modemu inayosikiliza amri huirudishia PLC herufi zake, tena huropoka maneno yake yenyewe kama RING na CONNECT katikati ya data. PLC haijui Kiingereza, inachanganyikiwa. Sasa mpya inakujibu kwa nini? Kwa sababu kile kijiswichi cha ububu nacho kimepinduliwa. Na cha mpiga na mpokea vilevile. Kwenye laini ya kudumu lazima mmoja awe mpigaji na mwingine mpokeaji. Ya mtoni bila shaka ni mpokeaji, na hii ya kwako ikiwaka inajiona mpokeaji pia. Zinasubiriana tu, kama wachumba wenye haya.

Kumbukumbu ya kadi ni nzima. Kwenye modemu za aina hiyo, jambo lenye kijiswichi chake huamuliwa na kijiswichi kila umeme unaporudi. AT&W inahifadhi kweli, lakini kadi ikiamka inasoma vijiswichi kwanza na kuyafuata hayo. Kwa laptopu unaibadilisha ikiwa macho tu.

Fanya hivi. Zima raki, chomoa kadi, pindua vyote vinane, rudisha, washa. Usivipindue kadi ikiwa inafanya kazi ukangoja mabadiliko, haitaviangalia mpaka iwake upya. Na acha penseli! Risasi ya penseli inapitisha umeme, unga wake ukiingia ndani ya kijiswichi utatafuta tatizo mpaka Idi. Wewe uko shamba la mkonge, kata mwiba wa ncha ya jani, huo ndio bisibisi yako.

Ukimaliza laptopu haitajibiwa. Usishtuke.

mama_chumvi (Bagamoyo)

Shikamoo babu. Nami niongeze kidogo, maana sisi huku tunavuta maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi kwa mpango huohuo.

Fundi, kama PLC zako zinaongea kwa lugha ya Modbus RTU, angalia vile vijiswichi viwili ulivyoviacha. Modbus RTU haina alama ya mwisho wa ujumbe, inatambua mwisho kwa ukimya wa herufi tatu na nusu. Kwa 9600 hizo ni kama milisekunde 4. Modemu ikiwa kwenye kusahihisha makosa, inakusanya herufi, inazifunga mafungu, inatuma kwa vipande. Pengo likitokea katikati, PLC inadhani ujumbe umeisha na inautupa. Utaona CD inawaka vizuri lakini kipimo kinakuja na kupotea. Sisi ilitusumbua miezi miwili, na mkandarasi aliyefunga alikuwa akitubadilishia kebo tu kila akija, na ankara juu.

fundi_korona

Wakuu, nimerudi. Nimetumia mwiba, kweli ni bisibisi. Nilipulizia vijiswichi dawa ya kusafishia kwanza kwa ajili ya ile penseli. Nimepindua vinane, nimewasha, CD ndani ya sekunde kama kumi. Laptopu kimya kabisa, na pamoja na onyo la babu nilishtuka.

Mama wa Bagamoyo, ulijuaje? Presha ilikuwa inaonekana, inapotea, inaonekana. Nimevua kadi tena, nikamulika kwa tochi ya simu, kando ya kijiswichi cha 9 pameandikwa EC (kusahihisha makosa) kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nimekizima. Cha 10 sijakigusa. Tangu hapo haijapotea hata mara moja, na umeme umeshakatika mara tatu. Mara ya nne nilizima mwenyewe, kwa kuhakikisha.

Swali dogo tu: kwa kuwa sasa ni bubu, siku nikitaka kuisoma hali yake nafanyaje?

babu_wa_jozi

Unaizima, unakipindua kijiswichi cha ububu, unaiwasha, unaandika AT&V, unanakili kwenye daftari, unairudisha ilivyokuwa. Ndiyo kero yake. Lakini mimi bado nachagua vijiswichi kwa mahali penye umeme kama wetu, kwa sababu hata mlinzi anaweza kukusomea kwa simu viko juu au chini.

fundi_korona

Nimevichora ndani ya mlango wa raki kwa kalamu ya wino mzito, na neno OPEN nimeliandika kubwa na mshale. Kijana wa kichuguuni amerudi, anadai posho ya wiki mbili.