Dampo linaombewa leseni juu ya makazi yetu, tuulize nini?

Mkazi_wa_Bondeni: Habari zenu wakuu. Kuna kampuni imeomba leseni ya dampo la taka za kawaida kwenye mteremko juu ya makazi yetu, tangazo limeshabandikwa na tunaruhusiwa kutoa maoni kabla kibali hakijatoka. Ripoti ya tathmini ya mazingira tumepewa, kurasa kibao za ajira na barabara ila kuhusu maji ni aya mbili tu, na sisi huku wote tunakunywa ya visima!! Sitaki tuende kikaoni kupiga kelele tu, nataka maswali wasiyoweza kuyakwepa. Naombeni msaada.

FundiMazingira: Pole mkuu. Anza na chini ya shimo. Taka zikinyeshewa zinatoa maji meusi, yakipenya ardhini yanakuja kwenu. Waulize kuna tabaka gani pale chini. Kipimo cha kulinganishia, sheria ya shirikisho Marekani inataka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa usiopungua sm 60, juu yake plastiki maalum, na yale maji yasituame kuzidi sm 30 juu ya hiyo plastiki, kwahiyo lazima kuwe na mabomba ya kuyatoa. Kama michoro haioneshi yanatolewa yanapelekwa wapi, andikeni wazi kwamba ombi halijakamilika.

Mama K: Nakazia. Visima vya kupimia viwe pande zote mbili, juu kunakotoka maji na chini upande wenu. Na vipimwe SASA kabla gari la kwanza halijamwaga, la sivyo siku mkilalamika mtaambiwa maji yenu yalikuwa hivyohivyo tangu zamani. Na nyie pelekeni yenu maabara mkae na majibu.

Wa_Getini: Mi nimefanya kazi geti la dampo, leseni nzuri inaharibikia pale. Hamna mizani, hamna daftari la nani kaleta nini, unashtukia betri, oili chafu na sindano za hospitali zimepita chini ya mifuko ya kawaida. Ombeni leseni itaje kwa majina taka zisizoruhusiwa, na taka zifunikwe udongo kila siku, inapunguza sana nzi, harufu na moto.

Mkazi_wa_Bondeni: Asanteni sana. Na kampuni ikimaliza ikaondoka je?

FundiMazingira: Hilo ndo zito kuliko yote. Dampo likifungwa gesi ya methani na yale maji vinaendelea kutoka miaka mingi. Ulaya kwa sheria yao ya 1999 bei ya kutupa taka inatakiwa ibebe hadi gharama za kulitunza dampo angalau miaka 30 baada ya kufungwa. Ulizeni dhamana ya fedha, iwe imewekwa kabla ya leseni, msikubali ahadi ya mdomo maana kampuni inaweza kufilisika.

Mama K: Na msiishie kuongea kikaoni ndugu yangu. Pelekeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, mkija kukata rufaa hiyo ndo itawabeba.