Mrejesho: katibu wa kikoba niliyeuliza kuhusu akili mnemba

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza mtu asiyejua kompyuta aanzie wapi na akili mnemba (AI). Mimi ni katibu wa kikoba, nina simu tu. Mlinitajia ChatGPT na Gemini, programu za akili mnemba unazoziandikia nazo zinakujibu, mkasema nichague moja, niiambie mimi ni nani na nataka nini. Asanteni sana, nimefanikiwa.

Mwanzoni niliandika "andika barua ya madeni", ikaja barua ya kiofisi isiyotufaa kabisa. Juzi nikaandika: "Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama 22. Andika ujumbe mfupi wa WhatsApp, wenye upole lakini usiozunguka, kuwakumbusha wanaodaiwa walete marejesho kabla ya Jumamosi." Nikabadilisha maneno mawili, nikatuma. Watano wameshalipa, bila ugomvi.

Hesabu ndiyo siiachii. Nilibandika humo michango ya wiki, jumla iliyonipa ikazidi ya daftari kwa shilingi 15,000. Nikarudia kwa kikokotoo mara mbili. Daftari lilikuwa sahihi. Majina ya wanachama pia siweki, kama mlivyonionya. Naandika Mwanachama A, Mwanachama B.

Sasa najifunza kuongea nayo kwa sauti, maana mwenyekiti wetu haoni vizuri maandishi madogo.