Mjadala: Mtoto akiandika maji ya Uyole huchemka nyuzi 94, apewe vema au kosa?

Mzazi, Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila kumtukana mwalimu yeyote. Mwalimu wa mwanangu namheshimu, na tunasalimiana vizuri mpaka leo.

Mimi nakusanya maziwa hapa Uyole, nachemsha, nagandisha mtindi, nauza mjini Mbeya. Kwa hiyo kipimajoto ninacho, kile kirefu kinachofika nyuzi 110. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la tano alifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Jioni akaomba aone mwenyewe. Tukainjika sufuria, tukangoja maji yatokote kabisa, kipimajoto kikagota 94. Tukachochea moto, 94. Akamwaga, akachota maji ya mvua, 94 tena.

Ijumaa likaja jaribio: "Maji huchemka kwa nyuzi joto ngapi?" Akaandika: "Kwetu 94." Kosa. Hakulia. Aliniambia tu, "Baba, basi tusiwe tunapima." Hilo neno limenikaa kooni.

Mtoto yuko sahihi. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari, kule Dar es Salaam au Tanga. Hapa Uyole tuko kama mita 1,800 juu. Hewa ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo, kwa hiyo yanatokota mapema kabla hayajawa ya moto sana. Ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa: maji yanatokota kwa kelele, lakini joto lake ni dogo kuliko la pwani.

Swali langu kwenu: tunawafundisha watoto sayansi, au tunawafundisha majibu? Mimi nasema mtoto aliyepima asipewe kosa.

Mwalimu wa sayansi, Rungwe

Mzazi, nimekuelewa, na ningekuwa mimi ningemsifu huyo mtoto mbele ya darasa. Lakini sikiliza na upande wetu. Nina wanafunzi 96 katika chumba kimoja. Kipindi ni dakika 40. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi maswali mengi ni ya kuchagua, mtoto anatia kivuli kwenye herufi, na mashine haina pa kusoma maelezo yake. Nikimpa vema kwa 94 leo, siku ile akitia kivuli kwenye 94 nani atamtetea? Wewe mwenyewe utakuja ofisini kuuliza kwa nini mtoto hakufaulu.

Halafu samahani, swali la kitaaluma: ulijuaje kwamba kipimajoto chako ni kizima? Vipimajoto vya maziwa vinaanguka kila siku.

Mzazi, Uyole

Mwalimu, swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu na mtoto aliniuliza hilohilo. Tulinunua barafu dukani, tukaiponda, tukaiacha ianze kuyeyuka, tukatumbukiza kipimajoto. Kikasoma sifuri. Jumamosi nilikuwa nashuka Kyela kufuata mchele kwa dada yangu, nikambeba mtoto na kipimajoto chake. Kyela iko chini, kama mita 500 tu. Jikoni kwa shangazi yake maji yalitokota kwa 98. Alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Njia nzima ya kurudi, Tukuyu mpaka Uyole, alikuwa anauliza kila kituo: "Hapa ingekuwa ngapi?" Sasa anataka Kitulo, kwenye mita 2,600. Mwenyewe amekwisha kukisia 91.

Kuhusu mtihani, hapo umenibana kweli. Sitaki mtoto akose kwa sababu yangu. Lakini tatizo hilo linaanzia kwenye swali lenyewe. Ongeza maneno matatu tu, "usawa wa bahari," na wote wawili wamepona, mtoto na kitabu.

Mama wa watoto watatu, Makambako

Mimi naona mnazungumza mambo ya watu wenye kipimajoto. Kwetu watoto wanakaa wanne dawati moja. Kitabu kimoja wanagombania. Waacheni wakariri hizo nyuzi 100, wavuke waende sekondari, huko ndiko kuna maabara. Na akifika kidato cha kwanza masomo yote ya sayansi yanageuka Kiingereza, hata hayo ya kupima atayaanza upya.

Mwalimu mstaafu, Iringa

Kamwene. Mama Makambako, naomba nikujibu kwa kisa kilichopita hapa kwetu Iringa.

Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, mkoa wa Tanga, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ni kuchemsha maziwa na sukari, kungoja yapoe, ndipo uweke kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinakwisha, akaweka yake ya moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliweka bila kuchemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akaja sekondari ya Mkwawa hapa Iringa kwa masomo ya juu, bado analo swali lake, akawa anataniwa kwamba hiyo ni fizikia yake peke yake. Jina lake Erasto Mpemba. Siku moja akaja Mkwawa Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne aliporudi Dar akajaribisha, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana, maana si kila anayejaribu anapata matokeo yale.

Mama, wale waliocheka hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanafunzi wazuri waliokariri vizuri. Ukimngoja mtoto mpaka sekondari, tayari umemfundisha miaka mingi kwamba macho yake hayana thamani. Na Kiswahili cha shule ya msingi kwangu ndiyo nafasi yenyewe: ndiyo miaka ambayo mtoto anaweza kuuliza "kwa nini" bila kutafuta neno.

Mwalimu wa sayansi, Rungwe

Mzee wangu, shikamoo. Kisa nakijua, nami nakisimulia darasani. Lakini Mpemba alikuwa na friza ya shule na vijana wachache. Mimi nikiwasha moto mbele ya watoto 96, mmoja akiungua, jina langu linaandikwa kituo cha polisi.

Mzazi, Uyole

Mwalimu, moto usiwashe. Moto upo tayari. Shule nyingi huku wazazi tunachanga mahindi na maharage, mpishi anapika uji na makande. Sufuria kubwa iko jikoni kila siku ya shule. Watoto watano kwa zamu, wasimame mbali, mpishi ndiye atumbukize kipimajoto, wao waandike namba. Wengine wapime kwa saa ya ukutani maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva dakika ngapi, na yasiyolowekwa dakika ngapi. Huo ni uchunguzi kamili, gharama yake maji ya kulowekea.

Mama Makambako, dawati ni haki, na mimi nasimama nawe kulidai. Ila mtoto anayekaa wa nne kwenye dawati moja ana macho mawili sawa na wa shule ya kulipia. Sumaku ya spika iliyokufa ipo kwa kila fundi redio. Ivute kwenye mchanga wa barabarani, utaona unga mweusi wenye chuma umeshika. Kisha mwambie mtoto kwamba kule Mbozi kuna kimondo cha chuma kilichotoka angani, kizito kwa tani nyingi, na watu wanapanda basi kwenda kukitazama.

Mama wa watoto watatu, Makambako

Hilo la sumaku nitalijaribu. Hilo la kukariri bado sijakubali. Mwanangu wa kwanza alivuka kwa kukariri.

Mzazi, Uyole

Sawa dada. Nimeonana na mwalimu wa mwanangu leo asubuhi getini. Ile alama ya kosa ameiacha, amesema jaribio limekwisha kusahihishwa. Lakini ameniomba kipimajoto nikilete Alhamisi, nami nimeshakioshea kitambaa cha kukifungia. Mtoto ameandika kwenye daftari safu tatu: Uyole, Kyela, Kitulo. Ya tatu ameiacha wazi.