Charleston: tumelipia ziara ya historia, tukaonyeshwa rangi za nyumba

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Familia yetu ilikwenda Charleston, Carolina Kusini, ikalipia ziara ya gari la farasi iliyotangazwa kuwa inasimulia historia yote ya mji huo. Tulipitishwa Rainbow Row, safu ya nyumba za kale zenye rangi mbalimbali, tukaelezwa nani alichagua rangi gani, tukasifiwa malango ya chuma na bustani za matajiri wa mpunga. Watumwa walioulima mpunga huo hawakutajwa hata mara moja.

Najua kwamba njia za magari hayo hupangwa na jiji kwa bahati nasibu, kwa hiyo simlaumu mwongozaji kwa mtaa ambao hakupangiwa. Lakini maneno yake hakupangiwa na mtu. Mbele ya jengo la Old Exchange alieleza kwa kirefu jinsi George Washington alivyokirimiwa humo mwaka 1791, kisha akanyamaza, ilhali nje ya jengo hilohilo watu walikuwa wakinadiwa hadharani, mpaka mwaka 1856 jiji lilipopiga marufuku minada ya barabarani, na wafanyabiashara wakaihamishia ndani ya kuta kama zile za Mtaa wa Chalmers, ambazo leo ni makumbusho ya Old Slave Mart. Umbali ni wa dakika chache kwa miguu!

Wala hakumtaja Denmark Vesey, mtumwa aliyejinunulia uhuru kwa fedha za bahati nasibu, akanyongwa mwaka 1822 kwa kupanga uasi, na kanisa lake likabomolewa. Hakutaja Gadsden's Wharf, gati walikoshushwa maelfu kwa maelfu ya Waafrika kabla biashara hiyo ya ng'ambo haijakatazwa mwaka 1808, na ambako tangu 2023 pana makumbusho makubwa ya historia yao.

Nilipolalamika ofisini, nilijibiwa kwamba wageni huja kupumzika. Binti yangu, aliyesimama pembeni, aliuliza kama sisi si wageni, hakuna aliyemjibu.

Mnaokusudia kwenda, ulizeni kabla ya kulipa mtaelezwa nini, tena mpate jibu kwa maandishi. Kampuni hiyo nayo ama ibadilishe tangazo lake, ama ibadilishe maelezo yake. Na fedha zetu tunazidai.