Wajukuu wa Bibi: kitandiko cha kiti cha gari

*Alhamisi*

Mama Pacha: Shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada wa mafundi cherehani humu ndani. Kulwa na Doto nimewavua nepi tangu wiki iliyopita. Nyumbani tunakwenda vizuri, wanasema wenyewe. Shida ni kwenye gari. Jana foleni ya Ubungo imetushika, kufika Kariakoo viti vyao vyote viwili, vile vya watoto vya kufunga kwenye gari, vimelowa chapa. Na Jumamosi tunakuja Tanga 😩

Shangazi: Marahaba mama. Si uwavalishe nepi hiyo siku moja?

Mama Pacha: Nimejaribu Shangazi. Kulwa kaivua akaniambia yeye ni mkubwa. Nikimlazimisha nitakuwa nimemvunja moyo.

Shangazi: Hapo kweli. Basi usimrudishe nyuma.

Baba Mdogo: Tafuta sponji la godoro, kata saizi ya kiti, livike kitambaa. Linanyonya balaa.

Dada Mkubwa: Baba Mdogo, hapana, naomba sana. Sponji tusiliweke. Gari likigonga sponji linabonyea, mkanda unabaki umelegea na mtoto anaruka mbele. Kitu chochote kinene kisikae chini ya mtoto wala mgongoni kwake.

Baba Mdogo: Aisee, hilo sikulifikiria. Nimelifuta.

Dada Mkubwa: Mama Pacha, kwanza soma kile kitabu kilichokuja na viti. Kuna viti ambavyo watengenezaji wake hawataki kabisa kitu cha kuongeza. Kama vyako ni hivyo, tutapanga kusimama mara nyingi na nguo za kubadilisha, basi.

Mama Pacha: Nimekisoma sasa hivi. Kinakataza mito na vitu vya kuweka mgongoni. Kitambaa chembamba cha kukalia kinaruhusu.

Dada Mkubwa: Vizuri. Wa kwangu nilimshonea alipokuwa na miaka miwili na nusu, kwa hiyo nakwambia nilichokifanya kwa mikono yangu. Tafuta kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelainika, hiyo ndiyo ya juu. Katikati taulo moja jembamba, la zamani. Chini mpira wa kitanda, ule laini wa kutandika chini ya shuka la mtoto. Tabaka tatu tu. Kama taulo ni jipya lifue kwanza ndipo ukate, maana litarudi.

Chukua gazeti, libonyeze kwenye kikalio cha kiti, chora kwa kalamu. Cha kwangu kilitoka kama sm 30 kwa 30. Kiishie pale kikalio kinapokutana na mgongo, kisipande juu.

Mama Pacha: Na ule mkanda wa katikati ya mapaja?

Dada Mkubwa: Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilipasua kuanzia mbele hadi kwenye mkanda ili kitandiko kiingie kirahisi. Mkojo ukapita palepale kwenye mpasuo, ukaenda moja kwa moja kwenye kiti! Cha pili nikatoboa tundu, kifungio cha mkanda kinapenya kama kifungo kwenye kishimo chake. Zungushia tundu mishono miwili, kata katikati, kisha lifunike ukingo kwa utepe wa kanga.

Kushona: unganisha kanga na taulo kwanza ili taulo lisijikunje. Halafu weka uso wa kanga ukitazamana na mpira, shona pembeni, acha upenyo wa mkono, geuza, piga mshono wa juu. Usichome pini katikati ya mpira, kila tundu la pini linavuja. Tumia vibanio vya nguo.

Shangazi: Mpira unang'ang'ania mguu wa cherehani huo. Weka karatasi nyembamba juu yake, ushone, ukimaliza unaichana.

Dada Mkubwa: Asante Shangazi, hilo nilisahau 🙏🏾 Na ukikifua usitie dawa ya kulainisha nguo, taulo litaacha kunyonya. Mikanda yenyewe usiiloweke wala usiitie jiki, inapoteza nguvu. Ifute tu kwa kitambaa chenye maji.

*Ijumaa*

Mama Pacha: [Picha] Cha Doto hicho. Nimemimina nusu kikombe cha maji, nikaweka karatasi ya chooni chini. Kwenye tundu yamepenya matone mawili, kwingine pakavu kabisa.

Dada Mkubwa: Mashallah, mkono umetulia! Sasa kipimo cha mwisho, usikiruke. Mkalishe Doto juu yake, kaza mikanda mpaka ukijaribu kuufinya mkanda wa begani vidole viteleze. Mtoe, ondoa kitandiko, mrudishe bila kugusa urefu wa mikanda. Ukiweza kuufinya sasa, kitandiko ni kinene, punguza taulo.

Mama Pacha: Cha Doto vidole vinateleza. Cha Kulwa naufinya! Nilikunja taulo mara mbili nikijua yeye ndiye mwenye mkojo mwingi.

Dada Mkubwa: Fumua, bakiza moja. Bora kiti kilowe kuliko mkanda ulegee. Na kitandiko kingine cha akiba kiweke kwenye begi.

Bibi: [Ujumbe wa sauti, Baba Mdogo ameuandika] Mimi niliwafunga mgongoni kwa kanga, mkikojoa tunalowa wote, tunakauka wote njiani. Mama Pacha, usimgombeze mtoto akilowa. Muulizeni kabla hamjawasha gari, na msingoje aseme.

*Jumamosi*

Mama Pacha: Tumesimama Kibaha, Chalinze na Msata. Sasa tuko Segera. Kulwa kasema "mama mkojo" mwenyewe, mkavu. Doto kalala na kalowa, nimechomoa kitandiko nikaweka cha akiba. Nimepitisha kiganja kwenye kiti, pakavu 😭❤️

Bibi: Njooni. Maji ya kufulia nimeshachota.